Wangare na Debe la Jumatatu na Alhamisi

Wangare aliuza viazi katika soko la Kaptembwo, Nakuru, kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kumwona ameketi. Kiti alikuwa nacho, lakini kilikuwa cha wateja. Mwenyewe alisimama nyuma ya meza yake, mfupi, sweta mbili mwilini, ya kijani chini na ya kahawia juu, akiita watu waliokuwa wakipita na shughuli zao.

"Wewe wa koti! Utaenda nyumbani mikono mitupu, umwambie bibi nini?"

Na mtu wa koti, ambaye hakuwa na mpango wowote wa viazi, alijikuta ameondoka na mikebe miwili ya gorogoro, imejaa.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Mume alikuwa amefariki zamani, watoto walikuwa wamesoma kwa viazi, wakaolewa na kuoa kwa viazi, na sasa viazi vilikuwa vimebaki kuwa vyake mwenyewe. Kazi yake haikuwa na siri kubwa. Gunia linatoka Molo au Mau Narok, linafunguliwa, viazi vinajazwa kwenye debe, debe linainuliwa kwa mikono miwili hadi juu ya meza, mteja anashika gunia lake wazi, na debe linamiminwa ndani. Kuinua huko ndiko kulikomfanya Wangare kuwa Wangare. Wauzaji wengine walisaidiwa na wateja. Yeye, mteja akinyoosha mkono kusaidia, alimpiga kofi dogo la kidole.

Basi ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Mei, matope kila mahali, na Gedion wa chipsi amekuja kuchukua debe lake la kila siku. Gedion alikuwa na kibanda cha kukaangia karibu na steji ya bodaboda. Alishika gunia wazi, akangoja. Wangare akainama, akashika debe, akalipandisha hadi magotini, na hapo mikono ikakataa. Haikuuma. Ilikataa tu, kama punda aliyefika mahali asipopapenda. Debe likaanguka, viazi vikabingirika mpaka mtaroni.

Gedion alicheka, kisha akaona uso wake, akaacha. "Shosho, uko sawa?"

"Niko sawa. Ni viazi ndivyo vina haraka leo."

Lakini kulikuwa na mtu mwenye simu. Kufikia saa sita mchana video ilikuwa imefika Olkaria, ambako kifungua mimba wake, Mathenge, alifanya kazi kwenye mitambo ya mvuke, ameketi mbele ya kioo akiangalia namba zisipande kupita kiasi. Jumamosi hiyo alifika Kaptembwo na gari lake, na uamuzi akiwa nao tayari.

"Maitu, chumba kiko. Kuna kochi, kuna televisheni, kuna shawa ya maji moto. Hiki kibanda tufunge."

"Na mimi nitafanya nini huko?"

"Utapumzika."

"Nitapumzika mpaka lini?"

Swali hilo lina jibu moja, na hakuna mtoto anayetaka kumpa mamake.

Wangare akaona mwanya, akaingia. "Debe moja tu ndiyo imekuleta hapa? Haya. Nikiinua debe mara kumi, chini mpaka juu ya meza, utaniacha?"

"Kumi mfululizo," Mathenge akasema. Alikuwa mwanawe, kwa hiyo na yeye alijua kupatana bei. "Mbele yangu, mwisho wa Agosti. Ukishindwa, unafunga, unaingia kwa gari siku hiyo hiyo."

"Naingia hata kiti cha mbele," akasema Wangare.

Nyuma ya gereji moja pale Kaptembwo palikuwa na jimu ya Mzee Darweshi. Jimu ni jina la heshima tu. Yalikuwa mabati manne, kioo kimoja chenye ufa, ekseli za magari yaliyokufa, na mikebe ya rangi iliyojazwa saruji. Ukoo wa Darweshi ulitoka pwani kuja Nakuru enzi za babu yake, naye ujana wake aliumalizia Rongai, akipakua magunia ya mahindi kwenye maghala. Sasa alikuwa na ndevu nyeupe na mikono ambayo haikuwa imepata habari za umri wake. Wangare alipoingia, waendesha boda waliokuwa wakiinua vyuma waliviweka chini wote pamoja.

"Mathe," mmoja akauliza kwa upole, "kuna mtu amekukosea hapa?"

"Bado," akajibu Wangare. "Mzee Darweshi yuko?"

Darweshi alimsikiliza mpaka mwisho. Akaomba mkono wake, akaubonyeza juu ya kiwiko. "Hapa palikuwa na nyama, Mama Mathenge."

"Imeenda wapi?"

"Umri umekula. Lakini sufuria iko, moto uko. Tunapika nyingine." Akamwachia mkono. "Utaanza na nusu debe. Inua mara nane, upumzike. Mara nane tena, upumzike. Nane za mwisho, basi, umemaliza. Ukiona imekuwa rahisi, ongeza viazi vitatu. Mara mbili kwa wiki. Jumatatu na Alhamisi."

"Mara mbili?" Wangare alidhani anafanyiwa mzaha. "Mzee, hata kanisani naenda mara tatu!"

"Kanisani huinui kitu."

"Hujawahi kusimama karibu na kwaya yetu."

Vijana wakacheka. Darweshi hakucheka, ila ndevu zilisogea. "Sikiliza, mama. Ukiinua mzigo, nyama inachanika kidogo kidogo. Haijengwi wakati unainua. Inajengwa baadaye, ukiwa umekula na umelala. Ukirudi kesho yake kuinua tena, fundi bado yuko kwenye msingi na wewe umekuja kubomoa. Mara moja kwa wiki ni kidogo, atasahau kazi. Mara mbili inatosha, tatu kama mwili umekubali. Na ule mayai, maharagwe, maziwa, omena. Chai na mkate si chakula, ni mazungumzo."

"Na hawa vijana wako? Wanakuja kila siku."

"Leo miguu, kesho kifua, keshokutwa mgongo. Siku zilizobaki wanakuja kuangalia kioo. Wewe una kazi moja na mikono ileile."

"Na kwa nini Jumatatu na Alhamisi?"

"Ndizo siku ninazofunga sunna. Tumbo langu likilia, nitakumbuka wewe uko na debe. Tuteseke pamoja."

Wangare alimshukuru, akatoka, na kabla hajafika barabarani alikuwa ameshaamua kwamba mzee huyu ni mtu mzuri sana lakini biashara haijui. Maana fikiria: mtu akifungua kibanda siku mbili kwa wiki na kufunga tano, si atalala njaa? Kama siku mbili zinaleta nyama ya kuinua debe kumi kufikia Agosti, basi siku saba zitaleta nyama hiyo mwezi wa sita. Hesabu ya darasa la tatu. Jioni hiyo akaanza. Akainua Jumanne, akainua Jumatano, akainua Alhamisi halali na Ijumaa haramu. Jumapili aliinua kabla ya ibada, mlango umefungwa, akimwomba Mungu ageuze uso kidogo.

Wiki ya kwanza alijisikia simba. Wiki ya pili hakuweza kufunga kitambaa chake mwenyewe kichwani. Jumapili hiyo mchungaji akasema, "Inua mikono yako umsifu Bwana!" na kanisa zima likainua. Wangare akainua yake mpaka kifuani, ikakwama. Akabaki amesimama hivyo, viganja wazi, kama mtu anayepokea mtoto. Nyakio wa kwaya, rafiki yake wa miaka mingi, alimkodolea macho.

"Wangare," akamnong'oneza, "umekosana na Mungu?"

"Tumeelewana," Wangare akanong'ona. "Tumekubaliana hapa kwa kifua."

Jumatatu iliyofuata nusu debe lilikataa kutoka chini. Nusu! Wiki mbili nyuma aliliinua mara nane. Akaketi juu ya gunia, na kwa mara ya kwanza akaiona Olkaria waziwazi: kochi, televisheni, na yeye katikati, akisubiri chai iletwe na mke wa mwanawe, leo, kesho na keshokutwa.

Aliyemchongea alikuwa jirani yake wa soko, Ladan. Ladan aliuza maharagwe na ndengu meza ya pili, mwanamke mwembamba wa sauti ndogo, aliyeogopa kupunja mteja kuliko watu wengine wanavyoogopa nyoka. Darweshi alipopita kununua ndengu na kuuliza mwanafunzi wake anaendeleaje, Ladan hakuweza kudanganya hata kwa ishara.

"Anainua kila siku, mzee. Hata jana. Hata leo asubuhi kabla hajala."

Darweshi alikwenda akasimama mbele ya meza ya viazi. Hakupaza sauti. "Mama Mathenge, nilikupa dawa ya vijiko viwili, ukanywa chupa."

"Nilitaka kupona haraka."

"Umepona?"

Wangare akatazama matope. "Siwezi hata kujikuna shingo."

"Wiki moja hugusi debe. Hakuna kuinua kabisa. Baada ya hapo, Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine, wateja wajimiminie wenyewe." Akamgeukia Ladan. "Wewe ndiwe askari."

Jamani, kupumzika ni kazi. Wangare alikuwa amepigana na ukame, na mvua, na askari wa kanjo, na bei ya Molo, lakini hakuwahi kukutana na adui kama Jumanne. Mikono ilimwasha. Alitembea na kurudi nyuma ya meza. Kila alipoinama karibu na debe, sauti ndogo ilitoka meza ya pili: "Mama."

"Nafunga kiatu!"

"Umevaa gambuti za mpira, mama."

Mwishowe, kwa kukosa la kufanya, alijaribu kile kiti cha wateja. Gedion alipofika na kumkuta ameketi, alikimbia karibu amwage mafuta ya kukaangia aliyobeba. "Shosho! Tuite daktari?"

"Najenga nyama," akasema Wangare kwa heshima zote. "Mimina mwenyewe. Na usishindilie."

Na nyama ikaja. Haikuja kwa haraka, lakini ilikuja. Jumatatu viazi vitatu zaidi, Alhamisi vitatu zaidi. Kuna wiki haikukubali kuongezwa hata kimoja, na Darweshi akasema iachwe hapohapo, wiki ijayo nayo ni ya Mungu. Asubuhi alikula mayai mawili, jioni maharagwe ya Ladan, na akalala mapema akijua kwamba fundi yuko kazini. Mwezi wa Julai debe lilijaa. Aliliinua mara nne, kisha sita. Wiki ya pili ya Agosti akafika kumi, na Alhamisi iliyofuata kumi na moja. Alivua sweta ya kahawia na kukunja mkono wa ile ya kijani, sokoni saa tatu asubuhi, kwenye baridi ya Nakuru, ili tu watu waone mkono. Nyakio aliushika, akasema umekuwa kama wa kijana.

Sasa hapa kuna jambo ambalo Wangare asingependa lielezwe, na kwa kweli alikuwa amelisahau mwenyewe. Ni hilo debe. Mwaka mmoja wa zamani, viazi vilipoadimika na bei ya Molo ikapanda, aliligeuza chini juu, akachukua nyundo, akagonga kitako mpaka kikaingia ndani kama tumbo la mtu aliyevuta pumzi. Hakuwa wa kwanza sokoni, wala wa mwisho. Ndani akatandika kipande cha gunia, eti viazi visichubuke. Juu aliweka mlima mzuri wa viazi, mteja akaona mlima, akafurahi, asiulize habari za bonde. Viazi vya kilo tatu hivi, ambavyo vingekaa hapo chini, havikuwahi kukaa. Ile bei ya Molo ilishuka, lakini kitako hakikurudi mahali pake, na miaka ikapita mpaka bonde likawa sehemu ya debe, kama vile mtu anavyosahau kovu la goti lake. Miezi mitatu Wangare alijipima nguvu kwa kipimo alichowapimia wengine, wala halikumjia hata mara moja.

Mathenge alifika Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Buti la gari alikuwa ameliondolea kila kitu, na hilo Wangare aliliona kabla hata hajasalimiwa. Soko lilikuwa limejua. Wanunuzi walikuwa wengi kuliko viazi. Gedion alikuwa mbele kabisa, gunia mkononi. Darweshi alisimama nyuma, mikono kifuani.

"Maitu, uko tayari?"

"Nilikuwa tayari kabla hujazaliwa. Lete debe."

Mathenge akaangalia debe la mamake, akaangalia uso wa mamake. Alikulia chini ya meza hiyo. "Hii yako hapana. Nakujua. Utakuwa umeweka nyasi chini." Akageuka meza ya pili. "Dada Ladan, niazime yako."

Watu wakacheka, Wangare naye akacheka, kwa sababu nyasi hakuwa ameweka. Debe ni debe. Mathenge akaanza kujaza kutoka kwenye gunia, na Wangare akawa anatazama viazi vikiingia, vikiingia. Linakula sana hili debe la Ladan, akawaza. Lina njaa ya nini?

Akainama. La kwanza likapanda. Lilipofika mezani alikuwa ameshajua kuna jambo, na alipolirudisha chini alikuwa ameshajua ni lipi. Jasho likamtoka, lakini si la kazi.

"Mbili!" soko likapiga kelele. "Tatu!"

La nne lilikuwa zito. La tano lilikuwa zito na lenye kisirani. Akiwa anainama, ubongo wake ulikimbia kuliko mikono. Akisema debe hili ni zito kuliko lake, kila mtu atauliza kwa nini, na wa kwanza kuuliza atakuwa Gedion, aliyenunua debe kila siku kwa miaka minne. Asiposema, mikono itaisha, na buti la gari liko wazi. Mwizi Kaptembwo, au bibi kizee Olkaria.

"Sita!"

La saba lilifika magotini. Likasimama hapo. Lilisimama muda mrefu kiasi kwamba hata Darweshi alishusha mikono yake kutoka kifuani. Kisha Wangare akaliweka chini, polepole, bila kumwaga kiazi.

"Maitu," akasema Mathenge kwa upole, na ule upole ndio uliomchoma. "Si umejaribu. Twende."

"Hii si debe yangu."

"Debe ni debe."

"Debe si debe!" Akaenda nyuma ya meza, akatoa debe lake, akavuta kile kipande cha gunia, akaligeuza watu waone. "Haya. Angalieni. Mimi kumi yangu ilikuwa ya hii."

Gedion alisogea, akachungulia, akaingiza mkono ndani mpaka kwapani, akapapasa.

"Shosho," akasema. "Juu umetuwekea mlima, na chini hii Bonde la Ufa yote?"

Mtu mmoja akaanza kucheka, wa pili akafuata, kisha soko lote. Si wote walicheka. Mama mmoja aliita mwizi, na mwingine akakumbuka hadharani harusi ambayo viazi viliisha kabla ya wakwe kula. Wangare alisimama akapokea yote. Mathenge alikuwa amefunika uso. "Maitu, mbele ya watu?"

"Ulitaka nimwambie nani, televisheni?"

Ladan ndiye aliyepata sauti, ile ndogo, na watu wakanyamaza ili waisikie. "Mei ilimshinda hata hiyo ya kupunja. Leo ameinua ya haki mara sita. Nyinyi mlikubaliana debe gani?"

"Hatukusema gani," akakiri Mathenge. "Tulisema debe."

"Basi hamkukubaliana," akasema Ladan, akarudi kupepeta ndengu zake.

"Na haendi popote!" Gedion akaongeza. "Akienda Olkaria, viazi vyangu vya miaka minne nitadai nani? Wewe?"

Mathenge alimtazama mamake. Huyu mwanamke alikuwa ametoka tu kujiita mwizi mbele ya wateja wake wote, na bado alikuwa amesimama kati ya debe na gari, miguu imepanuliwa, kama kipa.

"Kumbe hutaki kweli kuja kwangu," akasema.

"Nakupenda, baba. Kuja nitakuja, Krismasi, siku nne. Lakini kuletwa sitaki."

Mathenge akasugua uso kwa viganja. "Ya Ladan. Kumi. Desemba."

"Desemba ni mbali. Njoo kesho!"

"Mama Mathenge!" Darweshi alinguruma kutoka nyuma. "Leo Jumamosi, na umeshavunja sheria. Kesho hakuna. Jumatatu."

"Jumatatu," akasema Wangare, mtiifu kama mtoto wa sunday school, na Mathenge akaenda kufunga buti la gari. Lile debe lenye tumbo Wangare akampa Gedion, afugie kuku.

"Na mimi?" Gedion akauliza. Alikuwa bado ameshika gunia lake wazi. "Leo napimiwa na nini?"

Debe la Ladan lilikuwa palepale chini, limejaa. Wangare akatema viganjani, akainama, akalipandisha, goti, paja, meza, na kulimimina lote kwenye gunia.

"Saba!" mtu akapiga kelele.

"Alipumzika katikati," akasema Darweshi. "Haihesabiwi."

Gedion alitikisa gunia, akakusanya mdomo wa gunia kwa mkono mmoja, akatoa mfukoni ile kamba yake ya kufungia, iliyotosha kila siku kwa miaka minne. Akazungusha. Akajaribu tena, akivuta kwa meno. Kamba haikufika.